Fundi wa friji anayeota Lofoten

Swali limetoka kwa fundi wa Kisumu mwenye umri wa miaka 33, mume na baba wa watoto wawili. Nimelifupisha kidogo:

"Dada, mimi hutengeneza friji na vyumba vya baridi vya samaki, kazi ya miaka 9 sasa. Usiku nikifika nyumbani Kondele, watoto wakilala, natazama video za visiwa vya Lofoten kule kaskazini mwa Norwei: vijumba vyekundu juu ya maji, milima ya theluji, kimya. Natazama mpaka saa nane za usiku. Mke wangu anauza mitumba Kibuye, anaamka mapema, na anasema ile baridi ya kazini imenipanda kichwani. Nimejaribu kuacha, nimeshindwa. Je, mtu kama mimi anaweza kuishi kule kweli, au hii ni ndoto ya kuzika? Na nikitaka mke wangu ajue si mchezo, nimwambie nini?"

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, maana ningeweza kuiandika mimi. Nimezaliwa Njoro. Nilikaa kaskazini mwa Norwei miaka 11, saba Tromsø na minne Vestvågøy, hukohuko Lofoten unakokuota. Tangu nirudi Nakuru kazi yangu ni kuwaandaa Wakenya wanaokwenda nchi zile: vyeti, lugha, na yale mengine ambayo hakuna ofisi inayoyauliza. Unaweza kuishi kule, na ufundi wako una nafasi kubwa kuliko unavyodhani. Lakini kitakachoamua kama utakaa au utarudi baada ya msimu mmoja hakionekani kwenye video, na wala si baridi. Ni mwanga.

Baridi nitaipita haraka. Lofoten iko nyuzi 68 kaskazini mwa ikweta, ambapo sehemu nyingine za dunia huganda miezi mingi. Pale kuna mkondo wa maji ya uvuguvugu unaopanda kutoka Atlantiki, na kwa sababu yake bandari haigandi na Januari hucheza karibu na sifuri, leo juu kidogo, kesho chini kidogo. Asubuhi za Julai kule Timboroa ziliwahi kunitetemesha zaidi ya Lofoten, kwa kuwa Timboroa nililala na sweta moja katika nyumba isiyo na moto, na Lofoten nyumba zina joto mpaka chooni. Nguo ya ndani iwe ya sufu, maana pamba ikilowa jasho inakugandia mgongoni. Kinachoumiza watu ni upepo, na mvua inayoganda ikigusa lami. Mwezi wangu wa kwanza nilianguka mara nne. Baadaye nikanunua vyuma vya meno vya kufunga chini ya viatu, vile ambavyo hata vikongwe wa kule huvaa kwenda dukani, na sikuanguka tena.

Sasa mwanga. Sisi tumelelewa na saa iliyofungwa kwenye jua. Kisumu jua linachomoza saa kumi na mbili na nusu au arobaini hivi, linafika utosini kama saa sita na nusu, linazama ziwani kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na mwaka mzima tofauti haifiki saa moja. Hata hesabu yetu ya saa imeanzia hapo: saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana. Mstari wa ikweta wenyewe unapita pale Maseno, jirani yako. Mtoto wa kwetu hahitaji saa ya ukutani ajue wakati wa kufungia kuku.

Tromsø jua huzama mwishoni mwa Novemba na halichomozi tena mpaka katikati ya Januari. Lofoten, kwa kuwa iko kusini kidogo, kipindi hicho ni cha mwezi mmoja hivi, kuanzia mapema Desemba mpaka siku za kwanza za Januari. Wenyewe hukiita mørketid, wakati wa giza. Usidhani ni giza totoro mchana kutwa. Adhuhuri huja weupe wa buluu kwa saa chache, theluji yote ikawa rangi ya wino uliotiwa maji, na ni mzuri kweli, ndio ule unaouona kwenye simu yako. Video hukupa dakika zile nzuri. Haikupi saa zilizobaki.

Nikueleze siku moja. Ilikuwa Desemba yangu ya kwanza Tromsø. Nilikuwa na mfuko wa unga wa mahindi niliounyimia tumbo wiki mbili ili usiishe. Nikasonga ugali, nikakaanga kabeji, nikaketi kula chajio. Nje ni usiku, taa za barabarani zimewaka, theluji inaanguka polepole chini ya taa. Nikala, nikaosha sufuria, nikavaa nguo za kulala. Nilipoishika simu kutega kengele nikaona saa: nane na robo. Mchana. Nilikuwa na miadi ya saa tisa na mwenzangu maktabani. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikalia, na hakuna aliyekuwa amenikosea. Mwili wangu uliniambia jambo moja, saa ikaniambia jingine, nami sikujua nimwamini nani.

Sababu yake inajulikana. Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni, ubongo hupunguza melatonini, homoni ya usingizi, na mwili hujua siku imeanza. Mwanga usipoingia, homoni hiyo hukaa, siku huanza bila kuanza, na usiku usingizi hukukimbia kwa sababu mchana hukuwa macho sawasawa. Mtu anakuwa mzito, anatamani vitu vitamu, anakasirika upesi. Wenyeji wanajua hayo, na hupanga maisha yao kwa kuyakabili tangu utotoni. Mgeni kutoka ikweta huja na imani kwamba siku hujiendesha yenyewe. Kule siku haijiendeshi. Unaijenga kwa mikono yako kila asubuhi, kama anayewasha jiko.

Mimi niliijenga hivi. Kengele saa kumi na mbili, hata Jumapili. Chai mbele ya taa ya mwanga mkali wa laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), nusu saa, taa ikiwa mezani upande mmoja, bila kuikodolea macho. Adhuhuri nje, hata dakika ishirini, hata upepo ukiwepo, ili macho yaone ule weupe wa buluu. Kijiko cha mafuta ya ini la samaki, tran, ambayo wazee wa kule hunywa katika kila mwezi wenye herufi R katika jina lake, yaani Septemba mpaka Aprili. Hili la mwisho sisi tulichukulie kwa uzito kuliko wao. Ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D polepole, na kule kuanzia Oktoba mpaka Machi jua liko chini mno kiasi kwamba hata ngozi nyeupe haitengenezi kitu. Watoto wako wapimwe damu mwaka wa kwanza, na mkeo pia.

Januari 21 Tromsø huadhimisha kurudi kwa jua. Watu hula maandazi ya mviringo yenye jemu ndani, watoto hutolewa shuleni wakatazame. Mwaka ule nilisimama daraja la kuvukia bara pamoja na watu nisiowajua. Mwanga ukagusa kilele cha mlima kwa dakika chache, ukaondoka. Mzee mmoja kando yangu alivua kofia. Tangu utoto wangu Njoro jua nilikuwa nikilikwepa chini ya mwembe.

Halafu kiangazi hukugeuzia mambo. Tangu mwisho wa Mei mpaka katikati ya Julai jua halizami Lofoten. Jirani yangu alikuwa akipaka boti yake rangi saa sita za usiku, na mimi nimebandika karatasi ya fedha ya kufungia chakula kwenye madirisha ili watoto wa mwenye nyumba walale. Watu wengi hufurahia majira hayo. Mimi yalinichosha zaidi ya giza, kwa sababu hakuna anayekuambia inatosha.

Ufundi wako ndio uliofanya niandike kwa urefu hivi. Umeniambia unatengeneza vyumba vya baridi kwa hiyo labda unaona unakwenda mahali ambapo baridi ni ya bure na fundi wake hana kazi. Ni kinyume. Fikiria friji ya kawaida: inanyonya joto kutoka ndani ya sanduku na kulitupa nyuma. Umeshagusa zile bomba za nyuma maelfu ya mara. Sasa igeuze, sanduku liwe dunia nzima ya nje na nyuma ya friji iwe sebule. Hiyo ndiyo pampu ya joto, na Norwei ni miongoni mwa nchi zenye pampu hizo nyingi zaidi kwa kila nyumba barani Ulaya. Hewa ya nje hata ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri bado ina joto la kunyonywa, gesi ikiwa baridi zaidi yake. Uniti moja ya stima huweza kuingiza ndani uniti mbili au tatu za joto. Kompresa ni ileile, evaporeta ni ileile, na ile barafu inayoganda kwenye mapezi ya mashine ya nje ni ileile unayopigana nayo kila wiki kwenye chumba cha samaki wa mbuta. Kule mtu anayejua baridi ndiye anayeitwa nyumba ikikosa joto. Cheti cha ufundi huo kina majina yote mawili pamoja, kulde- og varmepumpemontør, fundi wa baridi na pampu za joto.

Na samaki wapo. Kila mwaka kati ya Januari na Aprili chewa wakubwa (cod) huogelea kutoka Bahari ya Barents kuja kutaga mayai Lofoten, na visiwa vizima hugeuka kazi. Wanaokaushwa hutundikwa wawiliwawili kwenye miti, bila chumvi, tangu Februari na Machi hadi Mei au Juni. Kikubwa hapo ni hali ya hewa kukaa karibu na sifuri: ikiganda sana nyama inapasuka, ikipata joto nzi wanawahi. Wewe hutumia mota na termostati kushikilia nyuzi hizo. Pale kisiwa kizima ni chumba cha baridi. Nilipofika Aprili yangu ya kwanza, upepo ukaleta harufu, nikasimama barabarani nikatafuta kwa macho nyavu za omena za Dunga zilizoanikwa mchangani. Harufu ni binamu yake. Vichwa vya samaki hao hukaushwa vilevile na kupelekwa Nijeria, huko wanakovipikia supu. Ukimwambia mvuvi wa Lofoten umetoka Afrika, mazungumzo hayo yatamjia haraka kuliko simba.

Ila viwanda vile vinatumia amonia na kaboni dayoksaidi kupoza, si gesi ulizozizoea kwenye friji za dukani. Gesi nyingi tunazotumia hapa zinapunguzwa duniani kote kwa makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016, kwa hiyo kujifunza mifumo ya amonia na ya CO2 kutakufaa hata usipotoka Kisumu. Kule pia hakuna anayegusa mfumo wa gesi za friji bila cheti maalumu, kwa sheria za Ulaya ambazo Norwei huzifuata ingawa haimo katika Umoja wa Ulaya. Ukipata mafunzo ya amonia hapa nchini, yachukue.

Njia ya kisheria ni hii. Kwa mtu wa kutoka Kenya, kibali cha mfanyakazi mwenye ujuzi huanza na ofa ya kazi kutoka kwa mwajiri aliye Norwei, kazi ya muda wote, mshahara usiopungua ule wa kawaida wa kazi hiyo kule, na mafunzo yanayolingana na angalau miaka 3 ya elimu yao ya ufundi. Idara yao ya uhamiaji, UDI, ndiyo inayoamua. Diploma yako ya politekniki ni mwanzo mzuri, ila haitageuzwa moja kwa moja kuwa cheti chao cha fundi. Utaratibu wao wa haraka wa kutambua vyeti vya ufundi vya kigeni unahusu nchi chache, karibu zote za Ulaya, na Kenya haimo. Ipo njia nyingine kwa mtu aliyefanya kazi kwa muda mrefu, ya kufanya mtihani wa fundi kwa msingi wa kazi ya miaka kama mitano yenye ushahidi. Neno zito hapo ni ushahidi. Miaka yako 9 haina uzito kama iko kichwani mwako tu. Kila mwenye chumba cha baridi uliyemfanyia kazi akuandikie barua: tarehe, aina ya mtambo, ulichofanya. Anza na wale wazee ambao wanaweza kuhama au kufa.

Njia ya masomo nayo imebadilika. Makala nyingi za zamani bado zinasema vyuo vya umma vya Norwei ni bure kwa kila mtu. Kwa wanaotoka nje ya Ulaya hilo liliisha msimu wa vuli wa 2023, na ada yake kwa mfuko wa fundi mwenye familia ni mlima. Mimi nilisoma kabla ya hapo, kwa hiyo usinifuate nyayo. Kazi ya msimu viwandani ipo pia, lakini kibali chake hakizidi miezi 6 na hakikujengei makazi. Kuhusu uraia, ukifika huko, hutalazimika kuchagua: katiba yetu ya 2010 inaruhusu uraia pacha, na Norwei ikauruhusu kuanzia Januari 1, 2020.

Kuna atakayekuambia juu ya Svalbard, visiwa vilivyo juu zaidi, nyuzi 78, ambako mtu wa taifa lolote anaweza kuishi bila viza kutokana na mkataba wa 1920. Ni kweli. Lakini ndege ya kwenda huko hupitia Norwei bara, na hapo Mkenya anahitaji viza ya Schengen. Huko huna haki ya msaada wowote ukikosa kazi au nyumba, mjamzito huondoka kwenda bara kujifungua, na kukaa kwako hakukupi haki ya kuhamia bara. Kwa mwenye watoto wawili, hapana. Naitaja Svalbard tu kwa sababu ghala la mbegu za dunia, lililofunguliwa 2008 ndani ya mlima ulioganda, limehifadhi mbegu zilizotoka Kenya, na kila nikilifikiria hunigusa moyo kwamba mbegu zetu zilifika kule kabla ya wengi wetu.

Mawakala. Mwaka nilioanza kutafuta njia, wakala mmoja alichukua pesa ambazo mama aliuza ng'ombe wawili kuzipata, kwa kazi ya kufunga samaki ambayo haikuwahi kuwepo. Mama hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma. Kabla ya kumpa mtu shilingi, angalia kama jina lake limo katika orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Na mwajiri wa kweli wa Norwei atataka kukuona kwenye video akuulize maswali ya kompresa. Asiyekuuliza lolote kuhusu kazi, hana kazi.

Lugha anza leo. Sheria ya kibali chako huenda isikudai Kinorwei, lakini bibi wa miaka 80 ambaye pampu yake imezima Januari atakueleza shida kwa lahaja ya kwao, akiwa na hasira, kwenye simu. Ile nusu saa ya mwisho ya video kila usiku igeuze iwe masomo. Mwaka mmoja na nusu wa nusu saa umewafikisha wanafunzi wangu kadhaa mahali pa kufanya mazungumzo ya kazi, na wengine wao walikuwa wamemaliza kidato cha nne tu.

Umeandika neno "kimya", na nadhani hilo ndilo ulilolitafuta zaidi ya milima. Mtu anayeishi na kompresa mchana kutwa, kisha matatu na muziki wa Kondele usiku, lazima atamani kimya. Kimya kipo. Theluji mpya ina hewa tele katikati ya chembe zake, inanyonya sauti, na usiku ikishaanguka unasikia damu yako masikioni. Wiki za kwanza nilikishukuru. Mwezi wa tatu nilikuwa nikiwasha redio ya Kiswahili kwenye simu ili tu mtu aseme "habari za asubuhi" chumbani.

Watu wa kaskazini si wabaya. Ni wakarimu kuliko wa kusini mwa nchi yao, na wanasema wanachofikiria. Lakini hawaji mlangoni bila taarifa. Ukingoja wabishe, utangoja mpaka chemchemi. Mlango wao ni dugnad, ambayo ni harambee ya mikono badala ya pesa: Jumamosi watu hukusanyika kupaka rangi shule ya chekechea, kufyeka njia, kukarabati ukumbi. Nenda na bisibisi yako. Fundi anayerekebisha friji ya ukumbi wa kijiji bila kutaja malipo atakuwa na marafiki kabla ya giza kuisha. Wazee wakisikia Kenya, wengi watakutajia Philip Boit, huyu wetu wa upande wa Eldoret aliyekwenda Ufini mwaka 1996 kujifunza kuteleza kwenye theluji, na mwaka 1998 akamaliza wa mwisho mbio za kilomita 10 kule Nagano. Bjørn Dæhlie wa Norwei alikuwa ameshinda zamani, akamngoja kwenye mstari wa kumalizia amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina hilo, Dæhlie. Nimesimuliwa kisa hicho na watu wasiopungua kumi, na kila mmoja alikisimulia kama vile Boit ni mtoto wa dada yake.

Kingine ambacho video hazisemi: nchi ile ya "upweke" ina wenyewe. Wasami, watu wa asili wa kaskazini, walikuwepo na kulungu wao wa kufugwa wa nchi za theluji kabla ya mipaka. Kwa vizazi vingi watoto wao walikatazwa lugha yao shuleni. Wewe na mimi tunaijua ile habari ya kuvishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya mama uwanjani, basi utaelewa bila kufafanuliwa. Mwaka 2023 tume ya ukweli na maridhiano ilikabidhi ripoti yake kwa bunge la Norwei, na mwaka uliofuata bunge likaomba radhi. Nenda ukijua unakaribishwa nyumbani kwa watu.

Na vile vijumba vyekundu. Huitwa rorbu. Vilijengwa kwa ajili ya wavuvi waliokuja msimu wa chewa kwa boti za makasia, na leo vingi hukodishwa watalii kwa bei ya usiku. Hutaishi humo. Utaishi nyumba ya mbao ya kawaida, Leknes au Svolvær, karibu na duka kubwa na kituo cha mafuta, kwa sababu kazi, shule na zahanati ziko huko, na hata hiyo nyumba utaitafuta kwa jasho kwa kuwa wenye nyumba hupenda pesa ya watalii. Kama unaweza kuipenda Lofoten ukiwa umesimama kwenye maegesho ya duka, mvua ya ubavu ikikupiga, mfuko wa viazi mkononi, basi ndoto yako ina miguu. Kwa mwaka wa kwanza ningekupendekezea hata hivyo Tromsø au Bodø. Kuna Waafrika wa Mashariki wa kutosha kukufanya ucheke kwa Kiswahili mara moja kwa wiki, kuna kazi zaidi, na mkeo atapata unga.

Mkeo ndiye swali lako la mwisho, na nimemfikiria sana. Wewe umeona usiku mia moja wa video nzuri. Yeye amemwona mumewe akikodolea simu saa nane za usiku wakati yeye anaamka saa kumi kwenda kuchagua belo. Usimwonyeshe video. Idara ya barabara ya Norwei imefunga kamera kando ya barabara zao kuu, na picha zake ziko wazi kwenye intaneti kwa mtu yeyote, bila muziki. Tafuta zile za barabara ya E10 inayokatiza Lofoten. Majira ya baridi wako nyuma yetu saa mbili, kwa hiyo saa kumi jioni ya Kisumu kwao ni saa nane mchana. Wiki mbili za kwanza za Desemba, kila siku saa kumi, fungueni kamera hiyo nyote wawili, hata kama yeye yuko kwenye kibanda chake Kibuye na wewe uko juu ya ngazi mahali fulani. Mtaona lami iliyolowa, taa za gari moja, giza linaloingia. Siku nyingine theluji, siku nyingine hamtaona chochote. Mkimaliza wiki mbili, muulize yeye kwanza ameonaje, kabla hujasema lako.